Kusoma Uzamili wa TEHAMA na Mitandao ya Kijamii Ukiwa Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa udahili ukikaribia, maafisa TEHAMA wa halmashauri, watangazaji wa redio na walimu wa sekondari huniuliza swali lile lile: "Nikasome wapi masters?" Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa sababu chuo ni hatua ya tatu. Anayeanza na chuo husoma kilichopo, halafu mwaka wa pili unamkuta bado anatafuta mada ya tasnifu huku ada inadaiwa. Anayeanza na swali lake mwenyewe huchagua chuo kwa haraka, hupata msimamizi anayemfaa, na mara nyingi humaliza.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa au Ruvuma, mwenye shahada ya kwanza, anayetaka kuchunguza kwa kina jinsi teknolojia ya habari na mitandao ya kijamii inavyoingia katika maisha ya watu. Hatua hazina uzito sawa. Ya kwanza na ya saba ndizo zinazoangusha wengi, kwa hiyo nimezipa nafasi kubwa.

Hatua ya 1: Pata swali

Fungua simu yako uangalie makundi uliyomo. Ukiwa mtu wa Rungwe au Njombe, kuna uwezekano mkubwa upo kwenye kundi la wakulima wa parachichi: picha za matunda, bei za wanunuzi, na malalamiko ya mzigo uliokataliwa. Mwenye ndugu Uporoto anajua jinsi picha za viazi zinavyomfikia dalali kabla gunia halijafungwa, na jinsi lumbesa inavyolalamikiwa humo humo. Madereva wa malori wanaovuka Tunduma hupeana habari za foleni kwa simu. Redio zetu, kuanzia Ebony FM ya Iringa hadi Chai FM ya Tukuyu, zina wasikilizaji ambao siku hizi wanasikiliza, wanasoma na kujibu kwa wakati mmoja.

Hapo pana mada za uzamili za kutosha. Nani hasa huamua bei ya kuaminika ndani ya kundi la wakulima? Mkulima mwenye simu ya kitochi huipata bei hiyo kupitia kwa nani, na ikiwa imebadilika kiasi gani? Mtangazaji anachagua vipi ujumbe wa kuusoma hewani na upi wa kuuacha? Uvumi kuhusu mbolea ya ruzuku huanzia wapi, na ni sauti ya nani inayouzima?

Chagua swali moja unalotamani kulijua kweli. Liandike kwa Kiswahili, kwa sentensi moja. Kisha lipime: watu wenye jibu nawafikia bila kulala njiani wiki nzima? Taarifa ninazozihitaji naweza kuzipata kihalali? Nitaikamilisha kazi hii nikiwa na mshahara huu na familia hii?

Kosa la kawaida ni upana. "Athari za mitandao ya kijamii kwa kilimo nchini Tanzania" haina mwanzo wala mwisho. Ipunguze mara tatu. Kwanza eneo: wilaya ya Rungwe. Pili jukwaa: WhatsApp peke yake. Tatu tendo: kujua bei. Sasa unapata "Namna wakulima wa parachichi wa wilaya ya Rungwe wanavyotumia makundi ya WhatsApp kujua bei, na jinsi wanavyozitumia taarifa hizo wanapozungumza na wanunuzi." Hiyo inafanyika. Unajua utaongea na nani, utauliza nini, na utasimama wapi.

Watu wengi wa kwetu hudhani mada "kubwa" ni ya Dar es Salaam. Sikubaliani nao. Taarifa nyingi kuhusu mitandao nchini zimekusanywa kwa watu wa mjini, wenye bando la kudumu na simu nzuri. Ukiwa Makete au Mbozi, kitu unachokiona kila siku ndicho ambacho mwenzako wa mjini angelazimika kusafiri zaidi ya kilomita 800 kukitafuta.

Hatua ya 2: Jua umesimama upande gani

Eneo hili lina pande mbili, na njia ya kati. Upande wa kompyuta unasoma mifumo yenyewe: hifadhidata, usalama wa mtandao, ujifunzaji wa mashine, uchambuzi wa data. Ukihitimu, kazi yako inaonekana kwenye mfumo uliojengwa au modeli iliyopimwa. Upande wa jamii unasoma watu na vyombo: mawasiliano ya umma, uandishi wa habari, sosholojia, siasa za mtandaoni. Huko kazi yako inaonekana kwenye hoja yenye ushahidi. Katikati kuna mifumo ya habari na teknolojia kwa maendeleo, ambako unaulizwa mambo yote mawili. Njia hii ya kati imekomaa duniani. Chuo Kikuu cha Oxford, kwa mfano, kina taasisi nzima ya kuchunguza intaneti kwa macho ya sayansi ya jamii, iliyoanzishwa mwaka 2001.

Rudi kwenye swali lako ulisome tena. Likiwa linaanza na "kwa nini watu", wewe ni wa jamii. Likiwa linaanza na "mfumo gani unaweza", wewe ni wa kompyuta. Swali la bei za parachichi linaweza kwenda kote, ila tasnifu mbili tofauti kabisa zitatoka.

Mwenye shahada ya uandishi wa habari anayetaka kuvuka kwenda kompyuta asikimbilie moja kwa moja. Stashahada ya uzamili, au mwaka mmoja wa kujifunza programu na takwimu kwa bidii, humsaidia kuliko kuingia darasani akiwa hajawahi kuandika hata mstari wa msimbo. Anayetoka kompyuta kwenda jamii ana shida nyingine: hajazoea kusoma kurasa nyingi na kuandika hoja ndefu. Aanze kusoma mapema.

Hatua ya 3: Sasa chagua chuo

Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, pale Iyunga, kilichotokana na chuo cha ufundi cha zamani na kupandishwa hadhi mwaka 2012. Kina koleji ya TEHAMA. Mzumbe nao wana kampasi Mbeya mjini. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, kilichojulikana kama Tumaini, chenye historia ya kufundisha uandishi wa habari, na Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa hadi huku kwetu, na kwa mtu asiyeweza kuacha kazi hiyo ni njia ya heshima kabisa.

Nje ya kanda, Dodoma ndiyo karibu kuliko wengi wanavyodhani: unashuka Iringa, unapita Mtera, umefika. UDOM ina koleji maalumu ya informatiki na elimu ya mtandao. Dar es Salaam, UDSM ina koleji ya TEHAMA Kijitonyama na shule ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela kwa wanaoelekea kwenye utafiti mzito wa teknolojia.

Jina la chuo halitoshi. Ingia kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uhakikishe programu yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi mpya ikawa bado. Kisha piga simu ofisi ya masomo ya uzamili uulize maswali ambayo vipeperushi havijibu: darasa linafundishwa jioni, wikiendi au mchana? Mwaka jana kozi ilifunguliwa, au waombaji walikuwa wachache ikaahirishwa? Wahitimu wa mwisho walimaliza baada ya muda gani? Swali hilo la mwisho usiliache. Likijibiwa kwa kusitasita, tafuta mhitimu mmoja umuulize yeye.

Fanya na hesabu ya muda. Uzamili kwa viwango vya TCU ni krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, yaani saa 1,800 kwa jumla. Ukitaka kumaliza ndani ya mwaka mmoja na nusu, ni kama saa 23 kila wiki. Ukienda miaka miwili, ni saa 17 na kidogo. Kaa na mwenzi wako mwangalie saa hizo zitatoka wapi, kwa siku na kwa majina ya kazi zitakazopungua nyumbani.

Hatua ya 4: Makaratasi

Maombi ya uzamili unayapeleka chuoni moja kwa moja. Vyuo vingi huomba GPA isiyopungua 2.7 katika shahada ya kwanza. Aliye chini ya hapo mara nyingi hutakiwa kupitia stashahada ya uzamili kwanza. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji TCU waitambue shahada yake, na jambo hilo lianze mapema.

Kagua majina yako leo. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne vile, cha chuo kimeongeza jina la ukoo: hilo litakusimamisha mlangoni. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina kabla dirisha halijafunguliwa.

Watumishi wa umma wana jambo la ziada. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na ruhusa ya masomo unayo kwa maandishi. Kusoma kimyakimya ukitegemea huruma ya mkuu wa idara ni hatari, maana mkuu wa idara huhamishwa. Wadhamini wa kitaaluma nao uwaandikie mapema, ukiwapa wazo lako la utafiti na matokeo yako, ili barua yao iwe na maneno mahususi.

Hatua ya 5: Fedha

Ada ni sehemu tu ya gharama. Andika pia bando, nauli, uchapaji, usafiri wa kukusanya data, posho za wasaidizi wa utafiti na kompyuta. Ukiona jumla inakutisha, tafuta ufadhili, ila anza mwaka mzima kabla.

Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na kama miaka miwili, na baada ya masomo lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una aina kadhaa, na mojawapo ni ya masomo ya masafa, ambayo unasomea ukiwa hapa hapa. Hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza kwa mama mwenye watoto wadogo au mtu ambaye kazi yake haiachiki. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia masomo ndani ya Afrika Mashariki kwenye vyuo ilivyovichagua.

Kwenye maombi haya yote utaulizwa utarudi kufanya nini. Yule mwenye swali la hatua ya kwanza ana jibu. Anayeandika "nitachangia maendeleo ya taifa langu" anafanana na maelfu ya wengine.

Usilipe wakala anayekuahidi nafasi ya ufadhili. Fomu za ufadhili nilioutaja hapa hujazwa bure.

Hatua ya 6: Msimamizi, propozo na matayarisho

Soma makala mbili tatu za walimu wa chuo unachokitaka, halafu mwandikie mmoja. Barua iwe fupi, kwa mfano:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa TEHAMA katika halmashauri ya wilaya, na nina shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Nimesoma makala yako kuhusu matumizi ya simu kwa wafanyabiashara wadogo. Pale ulipoonyesha kwamba wanawake hupokea bei kupitia kwa ndugu wa kiume, nilijiuliza kama ndivyo ilivyo pia kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wetu. Natarajia kuomba uzamili mwaka huu. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa wazo langu. Naomba kufahamu kama ni eneo unalolisimamia. Natanguliza shukrani."

Ukikaa wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja kwa upole, kisha mwandikie mwingine.

Propozo yenyewe itajibu maswali manne: tatizo ni nini, wengine wamesema nini, pengo liko wapi, na wewe utalijaza kwa njia gani. Wengi hulijaza la pili kwa kurundika muhtasari wa makala. Panga kwa hoja: hawa wanasema simu imempa mkulima nguvu, hawa wanasema nguvu imebaki kwa dalali, na hakuna aliyeangalia kundi lenye wote wawili ndani.

Katika programu nyingi za fani hii tasnifu utaiandika kwa Kiingereza. Mimi nashauri kufikiri na kuandika madokezo yako ya kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu hoja ikiwa haijanyooka kwa Kiswahili, Kiingereza kitaificha tu, na msimamizi ataifichua.

Kupata makala bila kulipa kunawezekana. Uliza maktaba ya chuo kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida kwa bure au kwa bei ndogo. Majarida First Monday, lililoanza 1996, na Social Media + Society, la mwaka 2015, yako wazi kwa kila mtu. Kabla semista haijaanza, jifunze Zotero ya kupanga marejeo, KoboToolbox ya madodoso yanayojazwa kwa simu hata pasipo mtandao, na misingi ya Python au R, lugha za kuandikia programu na kuchambua data. Kompyuta yako ikiwa dhaifu usikate tamaa: Google Colab hukupa kompyuta yenye nguvu kupitia kivinjari. Pakua vitabu na video ukiwa kwenye mtandao wa chuo, maana umeme ukikatika mlimani na minara huyumba.

Hatua ya 7: Data, idhini na lugha

Hapa ndipo wenye haraka hukwama. Zamani watafiti walichota ujumbe wa Twitter (sasa X) bure kwa maelfu. Mwaka 2023 mlango huo wa bure wa kuchotea data ulifungwa, na tarehe 14 Agosti 2024 Meta ilifunga CrowdTangle, chombo kilichotegemewa kufuatilia kurasa za Facebook na Instagram. Usijenge tasnifu nzima juu ya jukwaa moja la kampuni. Kuwa na njia ya pili, kama mahojiano, dodoso au uchunguzi wa kushiriki, ili masharti yakibadilika usirudi mwanzo.

Vibali vya utafiti vina mfuatano. Chuo hukupa barua, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ofisi hiyo inaandika kwa wilaya na halmashauri, mpaka unafika kwa mtendaji wa kata. Beba nakala za kutosha kwa kila ngazi. Aliyesajiliwa chuo cha nje ya nchi aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Panga safari za vijijini kwa kujua mvua za kwetu ni Novemba hadi Aprili, na barabara za milimani huteleza.

Idhini ya watu ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba za simu, picha na sauti za watu zimo ndani yake. Kuwemo kwenye kundi la WhatsApp hakukupi ruhusa ya kulichunguza. Ruhusa ya admini ni ya kuingia na kujitambulisha. Ya kutumia maneno ya mwanachama anaitoa mwanachama mwenyewe. Jitambulishe kwa ujumbe ulio wazi: mimi ni nani, ninachunguza nini, nitachukua nini, nitakificha vipi, na asiyetaka afanye nini. Rudia kila wanachama wapya wanapoingia. Ukishapata data, ondoa majina na namba siku hiyo hiyo, weka msimbo, na orodha ya majina ikae mbali na data. Skrinishoti usiiweke kwenye tasnifu kabla ya kufuta picha za wasifu, kwa kuwa kijijini mtu hutambulika hata kwa kofia yake.

Kwa wanaotaka uchambuzi wa hisia kwa kompyuta, yaani kuipa kompyuta kazi ya kutambua kama ujumbe unasifu au unalaumu, Kiswahili kimepiga hatua. Kuna AfriSenti, hazina ya ujumbe wa Twitter katika lugha 14 za Afrika iliyotoka 2023, Kiswahili kikiwemo, na kuna kazi za jumuiya ya watafiti ya Masakhane. Anza na hizo, lakini zijaribu kwenye data ya kwetu kabla ya kuziamini. Chukua ujumbe kama huu: "Mnunuzi wetu ana moyo mzuri kweli, hii ni safari ya tatu anabeba mzigo kwa ahadi." Kompyuta itaona "moyo mzuri" na kuuhesabu kuwa ni sifa. Kila mkulima kwenye kundi anajua ni kilio. Chukua sampuli ya ujumbe mia mbili, uwekewe alama na watu wawili wa eneo hilo, kila mmoja peke yake, halafu linganisha. Pale wanapotofautiana keti nao uwaulize sababu. Mazungumzo hayo mara nyingi ndiyo sura bora ya tasnifu.

Ujumbe wa sauti nao usiuache kwa sababu ni mgumu. Wazee wengi hawaandiki, wanaongea, na huchanganya Kiswahili na Kinyakyusa, Kihehe au Kibena katika pumzi moja. Tafuta mzawa wa lugha hiyo akusaidie kunukuu, na umlipe.

Hatua ya 8: Kuandika hadi kukabidhi

Panga na msimamizi siku maalumu ya kukutana, na kila kikao kiishe kwa barua pepe yako fupi inayosema mlichokubaliana. Hiyo ndiyo kinga yako akisahau au akibadilishwa. Mpelekee sura moja moja. Sura ya mbinu iandike ukiwa bado uwandani, ungali unakumbuka ulichofanya. Hifadhi kazi sehemu tatu, moja ikiwa mtandaoni.

Programu za akili mnemba zinaweza kukusahihishia lugha, ila soma kanuni za chuo chako, eleza ulizitumia wapi, na usiamini marejeo zinayokutajia mpaka umeyaona kwa macho yako. Data ya watu waliokuamini usiipandishe huko kabisa.

Ukialikwa na jarida usilolijua kuchapisha kwa malipo ya haraka, litafute kwanza kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yaliyo wazi kwa wote, na umuulize mkutubi.

Baada ya kutetea na kurekebisha, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye matokeo yako makuu, na urekodi dakika tatu za sauti kwa wasiosoma. Upeleke kwenye kundi lile lile lililokupa data, kwa mtendaji wa kata, kwa afisa ugani na kwa redio ya wilaya. Fanya hivyo kabla ya mahafali, ukiwa bado una namba zao na kabla hujahamishwa kituo cha kazi.